Helmeti Ndani ya Friza

Barua ya Bodi ilifika Jumatano alasiri, wakati Lorna Hostetler, mtabibu wa timu ya shule, akimfunga kijana wa kumi na saba kati ya arobaini plasta ya kukinga kifundo kabla ya mazoezi. Alikuwa amepiga goti mbele ya kifundo cha mguu cha mtoto wa mchungaji, plasta ameibana kwa meno, mikono inazunguka yenyewe kama ilivyozunguka kwa miaka ishirini na sita. Bi Trask, mwalimu mkuu wa sekondari ya Mill Fork, aliingia chumba cha matibabu akiishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Lorna, acha hapo hapo ulipofika."

"Nimebakiza mizunguko miwili tu."

"Hata mmoja usiongeze. Leseni yako imesimamishwa. Tangu saa sita mchana."

Mtoto wa mchungaji akamtazama huyu, akamtazama yule, mwishowe akateremka mezani na kuchechemea kwenda mazoezini, kipande cha plasta kikimfuata nyuma. Wale ishirini na watatu waliobaki kwenye foleni wakafungwa na Bwana Earl, mfagiaji wa shule, ambaye hakuwa na leseni ya aina yoyote na kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumsimamisha.

Kosa la Lorna lilikuwa hili. Sheria ya jimbo inamtaka kila mtabibu wa wanamichezo awe na kadi ya kufufua moyo, na kadi hiyo huisha kila baada ya miaka miwili. Wilaya nzima ilikuwa na kadi hizo, na zote zilitiwa saini na Lorna, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa somo lenyewe. Wazima moto walikuwa nayo, wapishi wa shule, wanawake wa kwaya, hata mume wake Vern aliyekuwa akiendesha lori la kinu cha chakula cha nguruwe. Kadi yake yeye ilikuwa ikitiwa saini na nesi mmoja mzee wa hospitali. Nesi akastaafu, akahamia kusini kwa binti yake, na tarehe thelathini Septemba kadi ikafa kimya kimya ndani ya pochi. Kinyozi hajinyoi, na huyu aliyewanyoa wote alikuwa na nywele zimemfika mabegani bila habari.

Alipiga simu Bodi akiwa ndani ya gari lake, nje ya geti la shule. Alisubirishwa kwa muziki wa filimbi dakika arobaini na moja.

"Bodi ya Watabibu wa Wanamichezo, naitwa Gundersen. Namba ya leseni?"

Lorna akaitaja.

"Hiyo imesimamishwa."

"Najua, mama. Ndiyo sababu nimepiga."

"Basi siwezi kuijadili na wewe. Mambo ya leseni tunajadili na wenye leseni."

Lorna akavuta pumzi. "Haya, nichukue kama mtu wa barabarani tu. Nataka kadi ya kufufua moyo, haraka. Naipata wapi?"

Hapo sauti ya Bi Gundersen ikalainika, maana watu wa barabarani aliwapenda. "Ngoja nitazame wilaya yako. Eh, una bahati wewe! Kuna mwalimu hapo hapo Mill Fork. Miaka ishirini na moja anafundisha, na hajapata lalamiko hata moja. Anaitwa Lorna Hostetler."

"Ndiye mimi."

"Ndiye wewe nani?"

"Lorna Hostetler."

"Hongera kwa rekodi nzuri. Lakini huwezi kujitilia saini."

"Kwa hiyo kufundisha wengine naruhusiwa?"

"Kibali cha kufundisha ni cha miaka mitatu, kiko hai. Kadi ya kujua ndiyo iliyokufa. Darasa lingine liko mji mkuu, Jumanne."

"Jumamosi tuna nusu fainali ya jimbo. Nani atawaangalia watoto?"

"Kocha anaruhusiwa. Mwalimu yeyote. Mzazi, au mtu aliyejitolea kwa nia njema. Wewe ndiye huruhusiwi, kwa sababu wewe unajulikana kwamba unajua."

Lorna alitaka kujibu, lakini filimbi ilikuwa imerudi.

*

Angeweza kuivumilia wiki moja ya aibu. Kilichomnyima usingizi si kadi, ni kichwa, na kichwa chenyewe ni cha mwanawe.

Jumamosi iliyotangulia, Wade Hostetler, miaka kumi na saba, mrushaji mpira wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Mill Fork na tegemeo la mji mzima, aligongwa na mtu wa kilo mia moja na ishirini. Akainuka, akajipangusa nyasi, akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani. Lorna alimfuata, akamwuliza leo ni siku gani. Wade akatabasamu na kusema ni Krismasi. Pale pale mama yake akafanya wanachofanya watabibu wote wa mpira huu: hakubishana naye, akamvua helmeti akaondoka nayo. Kijana aliyegongwa kichwani ukimkataza atarudi uwanjani mara tu ukigeuza kisogo, lakini bila helmeti refa hamruhusu hata avuke mstari. Na kwa vile funguo za chumba cha matibabu wanazo watu wengi kuliko waumini wa Jumapili, aliipeleka nyumbani akaizika ndani ya friza, chini ya nyama ya paa.

Helmeti nyingine haikuwepo. Kichwa cha Wade kilikuwa kikubwa kuliko vyote wilayani, na ile iliagizwa kiwandani kwa vipimo vyake mwenyewe.

Lorna alisema wiki tatu, si chini ya hapo. Sasa kulikuwa na Bwana Buck Ransdell, muuza matrekta, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, mtu ambaye picha yake pale uwanjani ilikuwa kubwa kuliko ubao wa matokeo na ilitundikwa juu ya ubao huo. Bwana Ransdell hakugombana na mwanamke. Jumatatu aliinua simu kama mlipa kodi wa kawaida, akawaomba watu wa Bodi wamtazamie tu, kwa usalama wa watoto wetu, kama karatasi za mama huyu ziko sawa.

Leseni ilipokufa, na lile "wiki tatu" likafa pamoja nayo. Sheria ilitaka ruhusa ya mtabibu mwenye leseni au ya daktari yeyote wa jimbo, na Alhamisi Bwana Ransdell akamleta daktari. Aliitwa Pruett, mtu msafi mwenye viatu vyeupe, ambaye hucheza gofu na Ransdell kila mwezi. Alikuwa daktari wa ngozi.

"Amekupima nini?" Lorna alimwuliza mwanawe jioni, jikoni.

"Kanimulika tochi. Kauliza kama nasikia kizunguzungu, nikasema hapana."

"Unasikia?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

"Kaniandikia na dawa ya chunusi," alisema Wade, akafungua friji, akasimama mbele yake muda mrefu, akaifunga bila kutoa kitu.

Vern hakuinua macho kwenye sahani. Lorna aliishi na mwanamume huyo miaka ishirini, na alijua kwamba Vern akikata viazi vidogo vidogo namna ile, kuna jambo. Akasubiri mpaka Wade akapanda chumbani.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Vern."

"Fomu ya kumrudisha uwanjani inataka saini ya mzazi," Vern alisema. "Mmoja. Nilipita kwa Ransdell kuchukua mkanda wa mashine ya kinu. Akanikaribisha kahawa. Kumbe fomu iko mezani, na kalamu juu yake."

"Umetia saini."

"Daktari kasema mtoto ni mzima, mama Wade."

"Daktari wa ngozi!"

"Kichwa nacho kina ngozi."

Alipolisema hilo hata yeye alilisikia lilivyo, akaweka uma chini. Lorna hakupiga kelele. Alichukua sahani ya mumewe, viazi vyote mle, akaimwaga kwenye ndoo ya taka, akaanza kuiosha.

"Kutakuwa na mtu wa chuo Jumamosi," Vern aliuambia mgongo wake. "Anakuja kumtazama yeye tu. Miaka minne ya masomo ya bure, Lorna. Mimi nanuka nguruwe mpaka kanisani. Watu wanahama benchi, unawaona. Nataka yeye asinuke. Hilo ni kosa?"

"Si kosa."

"Basi?"

"Basi ataenda chuo akasomee nini, asipojua ni siku gani?"

Lorna, mikono ndani ya povu, alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

*

Ijumaa mji ulimfundisha Lorna adabu. Dukani muuza nyama alimwuliza kama anayo leseni ya kununua soseji. Wanawake wa kwaya, ambao aliwafundisha kifua kwa kifua namna ya kumrudisha mtu duniani, walimwambia kwa upole kwamba mama mwema hamzibii mtoto riziki. Kwenye mazoezi Bwana Earl aliwafunga vijana thelathini na tisa kwa kufuata video ya kwenye simu, na kwa kuwa simu ilikuwa imegeuka kichwa chini, wengi walifungwa plasta kinyume. Mtoto wa mchungaji, yule wa mizunguko miwili pungufu, hakuwa miongoni mwao. Alikuwa nyumbani, mguu juu ya mto, mfupa umepasuka. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Bi Trask alimpigia simu saa tisa. "Helmeti ni mali ya shule, Lorna. Tutaifuata kesho asubuhi. Sitaki kumhusisha sherifu."

"Sherifu kadi yake nimeitia saini mimi," alisema Lorna.

"Yake iko hai," alijibu Bi Trask, na hakuwa anatania.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi baridi ilikuwa kali na jua liko wazi. Lori la kinu lilikuwa uani, limebeba tani tisa za chakula cha nguruwe, kwa sababu Vern alikuwa na mzigo wa kushusha kabla ya mechi ya saa nane. Alikuwa amesimama kando ya tairi na kikombe chake cha kahawa, hajui la kufanya, pale Wade alipotoka mlango wa nyuma.

Kijana alikuwa amevaa jezi tayari. Mkononi alishika bakuli la bati, limejaa chakula cha mbwa. Akaliweka chini pembeni mwa ngazi, akaligongagonga kwa vidole.

"Duke!" aliita. "Duke! Njoo, mzee!"

Akapiga mluzi. Akasubiri kidogo, akitazama upande wa ghala. Halafu akainua mabega, akarudi ndani akiimba.

Duke alikufa Aprili. Wade mwenyewe ndiye aliyechimba kaburi nyuma ya ghala, siku nzima, hakutaka kusaidiwa, na jioni ile alikula mezani na udongo kwenye kucha na hakuna aliyemwambia anawe.

Vern alibaki na kikombe chake. Kahawa ilipoa. Alipoingia jikoni uso wake haukuwa na damu, na Lorna alidhani moyo ndio huo, akatupa kitambaa na kumshika mabega tayari kumlaza chini, kadi au bila kadi.

"Si mimi," Vern alisema. "Anampa Duke chakula."

Lorna alikaa kitini. Wote wawili wakasikia maji ya bafu yakianza kumiminika juu yao, na Wade bado anaimba.

"Nimemuuza," Vern alisema. "Kwa kikombe cha kahawa."

"Hujamuuza bado," alisema Lorna. "Mechi ni saa nane."

*

Saa nne waliingia na magari mawili. Bwana Ransdell alishuka kwanza, koti la rangi za timu, kofia ya rangi za timu. Bi Trask alimfuata na jalada kifuani. Vern aliwapokea uani, na nyuma yake, kwenye ngazi, alisimama Lorna. Wade naye akatokea, nywele zimelowa.

"Baba wa nyota!" Ransdell alisema. "Leo ndiyo leo. Tumefuata kile kitu kidogo tu, halafu tunakwenda zetu."

"Kwanza nataka kufuta saini yangu," Vern alisema.

Ransdell akacheka. Bi Trask hakucheka, akafungua jalada. "Fomu imeshapokelewa, Bwana Hostetler. Kuna fomu ya kubatilisha, lakini iko ofisini."

"Twende ofisini."

"Ofisi inafunguliwa Jumatatu."

"Mimi ni baba yake. Nasema hapana. Unanisikia kwa masikio?"

"Nakusikia. Lakini haijaandikwa."

"Baba, unafanya nini?" Wade alisema. "Mimi mzima! Mama kakulisha maneno?"

"Vern, usimsikilize mkeo," Ransdell alisema kwa sauti ya chini, ya kiume. "Kiherehere hicho ndicho kimemponza. Sheria ni sheria, rafiki yangu. Kama hana leseni, hana."

Vern akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa hoja. Akaingia ndani, na Lorna akasikia kifuniko cha friza kikifunguka na nyama ya paa ikiangushwa sakafuni kipande baada ya kipande. Vern akatoka na helmeti mikononi, nyeupe kwa barafu, inatoa moshi juani.

"Hiyo hapo," Ransdell alisema. "Mtu mzima hubembelezwa mara moja."

"Imeganda," Vern alisema. "Niiweke juani kidogo iyeyuke, isije ikamuumiza mtoto."

Akaiweka kwenye kokoto katikati ya ua, kwa uangalifu, akaigeuza mara mbili mpaka ikakaa sawa. Halafu akapanda lori.

Ransdell alielewa wakati injini ilipowaka. "Vern! We Vern! Acha ujinga!" Alikimbia hatua mbili, akakumbuka tani tisa, akasimama. Lori likaja mbele polepole, mwendo wa harusi. Helmeti ililia mara moja, kavu, kama nazi. Lori likapita, likasimama, likarudi nyuma. Mara ya pili haikulia tena.

Vern akashuka. Akatoa pochi mfuko wa nyuma, akachomoa kadi, akaenda mpaka alipo Bwana Ransdell na kumwekea mbele ya pua.

"Wewe unapenda kukagua leseni za watu," alisema. "Kagua hii. Ya lori kubwa, daraja la kwanza. Iko hai mpaka mwaka kesho, Aprili."

Bi Trask, kwa mazoea, aliisoma tarehe. Lorna pale ngazini aliziba mdomo kwa mikono miwili, na hakujua kama anacheka au analia, mpaka aliposikia mlango ukibamizwa nyuma yake. Wade alikuwa ameingia ndani.

"Nawachukia!" alipiga kelele kutoka juu. "Nyote wawili! Nawachukia!"

*

Mill Fork walifungwa arobaini na moja kwa sita. Mtu wa chuo aliondoka robo ya pili. Vern alikatwa mshahara kulipia helmeti, na kinu kikamwandikia onyo kwa kutumia lori la kazi nje ya kazi. Kanisani sasa watu walihama benchi kwa sababu mbili.

Jumanne Lorna alikwenda mji mkuu. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mtu wa Mill Fork kwa kuzaliwa, aliyefundishwa kufufua moyo na Lorna huyo huyo alipokuwa darasa la nane na aliyefeli mara ya kwanza. Alimpigisha magoti mbele ya mwanasesere wa mpira pamoja na wahudumu wapya wa mabwawa ya kuogelea.

"Mikono juu kidogo, mama," alimwambia. "Hivyo. Usiogope, utazoea."

"Asante, mwalimu," alisema Lorna.

Wiki iliyofuata Bodi ikamrudishia leseni kwa barua nzuri, ikimpongeza kwa kufikia viwango. Faini ya kuchelewa ilikuwa ukurasa wa pili. Akaenda kazini, akapiga goti, akaanza kufungua plasta za Bwana Earl.

Nyumbani Wade hakuzungumza naye. Alijibu ndiyo na hapana, akala akitazama ukuta. Lorna alimwacha. Kila asubuhi alimwuliza ni siku gani, na kila asubuhi kijana akaitaja kwa sauti ya kumtukana, na kila mara ilikuwa sahihi, na Lorna akaenda zake kazini akiwa amefurahi kutukanwa.

Theluji ya kwanza ikaanguka, ikakaa siku nne, ikayeyuka. Jumapili moja alasiri Wade alitoka nyuma kupeleka taka. Alikawia. Mlango ulipofunguka tena alikuwa amesimama kizingitini na bakuli la bati mkononi, chakula kimevimba na kuganda mle ndani.

"Nani kamwekea Duke chakula?" aliuliza. "Si alikufa Aprili?"

Vern aliyekuwa akisoma gazeti aliliteremsha. Lorna alikausha mikono yake, polepole, kidole kwa kidole.

"Wewe, mwanangu," alisema.

"Mimi? Mimi ndiye niliyemzika."

"Ndiyo. Ni wewe."

Wade alitazama bakuli. "Lini?"

"Asubuhi ya mechi."

"Sikumbuki," alisema.

"Najua."

Alisimama pale baridi ikiingia, na hakuna aliyemwambia afunge mlango. Kisha akaja mpaka kwenye sinki, akamsogeza mama yake kando kwa bega, akafungua maji ya moto na kuanza kukisugua kile chakula kilichoganda. Kilichukua muda kutoka. Alipomaliza akalikausha bakuli kwa aproni aliyovaa mama yake, bila kuiomba, na hakuiachia haraka.